Jambo la Kumi na Moja

Kiponda, Mji Mkongwe
Jumanne, 4 Februari 2025

Bi Ummkulthum, mwalimu wangu,

Shikamoo. Pole tena kwa msiba wa mumeo, Bwana Borafya, Mungu amrehemu. Nilikuja siku ya hitma lakini wanawake walikuwa wengi, nikakuona kwa mbali tu umejifunika, nikarudi na salamu zangu mdomoni.

Najua uko eda na hutakiwi kusumbuliwa na habari za kazi. Nimeipigia simu yako mara tatu. Zote amepokea mkweo, Bi Khamisa. Mara ya tatu akanambia, "Mwanangu, mjane hana ofisi," akakata. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani. Mama anakuleteeni mkate wa kumimina, na barua hii iko chini ya kitambaa. Bi Khamisa akiiona, mimi simo!

Shida yenyewe ni hii. Mkurugenzi wetu, Bwana Junaid, ameambiwa kwamba toleo la seva ya majibu tunalotumia limeshaachwa na waliolitengeneza, halipati tena marekebisho ya usalama. Anataka tuhamie toleo jipya kabla ya Ramadhani kuandama. Anasema "tuhamie", lakini anayehamisha ni mimi peke yangu. Wewe umeilea seva ile miaka tisa. Mimi nina mwaka na miezi minne hapa maabara, na mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Nikikosea, vituo kumi na vinne vya mjini na shamba vinavyotuletea damu kupima vitakosa majibu yao.

Nakuomba uniandikie tu niangalie nini. Wallahi nnaogopa.

Mwanafunzi wako,
Nadra


Mpendae
Ijumaa, 7 Februari 2025

Nadra,

Marahaba. Mkate umefika, barua imefika, na Bi Khamisa kala vipande vitatu bila kuona kitu. Mwambie mama yako aongeze iliki.

Nimefurahi mpaka nikaona haya, mtu nimefiwa. Leo siku ya thelathini na tano nakaa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Wanawake wanakuja, wananambia nisubiri, wanakunywa chai, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu ninachokijua. Wewe wa kwanza.

Sasa nisikilize. Kila fundi mchanga akihamia toleo jipya hufanya kosa moja. Huchukua faili la zamani la mipangilio, akalilinganisha na jipya mstari kwa mstari, akiona yamefanana anashukuru Mungu. Wapi! Hatari haimo kwenye mistari iliyoandikwa, imo kwenye ile ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Seva huja na tabia zake. Jambo ambalo hukuiagiza, inafuata tabia yake yenyewe, na sisi tumeizoea ile ya zamani hata tukadhani ndivyo dunia ilivyo. Ni kama kubadilisha mpishi. Wa zamani hukumkataza pilipili na wala hakuwa akitia. Huyu mpya naye hukumkataza, basi anakuunguzeni midomo, na ukimuuliza atakwambia hukusema.

Kwa hivyo usinakili faili la zamani. Anza na jipya, na kila tabia iliyobadilika uiandike wazi kwa mkono wako. Saa, kwa mfano. Ya zamani ilikuwa ikichukua saa ya kompyuta. Mpya isipoambiwa kitu hufuata saa ya Uingereza, na majibu yako yatakuwa nyuma saa tatu, daktari ataona damu imepimwa kabla haijatolewa. Ukurasa wa msimamizi, zamani ulifungwa mpaka uufungue, sasa unakuja wazi kwa kila apitaye, ufunge. Picha za darubini, ya zamani ilipokea kubwa na ndogo, mpya inakataa zinazozidi megabaiti mbili. Kumbukumbu za kila siku inazifuta baada ya miezi mitatu bila kukuuliza. Mengine sita nimeyaandika karatasi ya pili, na kila moja nimekwambia uandike nini. Jumla kumi.

Nimeandika yote hayo kutoka kichwani mwangu tu, kama nilivyolisoma toleo hilo kabla ya msiba, bila kompyuta. Naona akili haijaniacha.

Nambie, huko wanasema nini juu yangu? Bwana Junaid ananiulizia?

Ummkulthum


Kiponda
Jumanne, 11 Februari 2025

Bi Ummkulthum,

Shikamoo. Mwalimu, wewe ni hazina! Nimejaribu yote kumi kwenye kompyuta ya pembeni, na kila ulilosema limetokea vilevile. Ile ya saa ilinichekesha, niliona jibu la malaria la saa mbili asubuhi limeandikwa saa kumi na moja alfajiri.

Umeniuliza wanasema nini juu yako. Sitaki kukuficha. Jana Bwana Junaid kasimama mlangoni pangu, kaona kazi inakwenda, kasema, "Alhamdulillahi. Toleo jipya likishakaa, fundi mmoja atatutosha. Bi Ummkulthum ana mambo yake sasa, apumzike." Mimi nikamwambia wewe ndiye uliyeniandikia kila kitu. Kaitikia tu kwa kichwa. Labda hakuwa na maana mbaya, unamjua anavyosema ovyo.

Nina swali moja. Vituo vya kusini, Jambiani na Makunduchi na wenziwe, mtandao wao ni mbovu sana. Mimi najaribu hapa mjini ambako kila ukurasa unafunguka kwa sekunde mbili. Je, kuna tabia nyingine iliyobadilika inayowahusu wao? Au ni hayo kumi tu?

Nadra


Mpendae
Alhamisi, 13 Februari 2025

Dada Wanu,

Shikamoo. Barua hii ataileta Bi Mwanaidi anayenunua pweza kwenu, maana simu yangu bado imo kifuani mwa mama mkwe.

Nakuandikia wewe kwa kuwa nikimwandikia mwengine nitaadhirika. Eda yangu inaisha tarehe kumi na moja ya Mei. Siku hiyo nyumba hii si yangu tena. Jana shemeji yangu Sheha, nduguye marehemu, kaja na fundi, wakasimama pale ukumbini wanazungumza rangi ya kuta, na mimi nawasikia nikiwa nyuma ya pazia la mlango. Sina mtoto wa kunishikia chumba. Kaka yetu Mcha kashaleta salamu kwamba Bwejuu kuna nafasi, nitalala na wanawe na mchana niende baharini kulima mwani. Miaka arubaini na moja, dada. Nilisoma usiku na mchana ili nisirudi kule, na mwani wenyewe unaniwasha mikono, unajua.

Kilichobaki ni kazi yangu. Nikiwa na kazi nitakodi chumba, nitakuwa mtu. Na sasa nasikia Junaid anataka kunitoa, eti yule msichana wangu Nadra anatosha. Anatosha kwa sababu mimi nimemtosheleza!

Sasa kanipa swali. Seva ya zamani ilikuwa na tabia moja. Mtu akiomba majibu na mtandao wake mbovu, ilimngoja, hata dakika tano. Mpya haingoji. Ikifika sekunde ishirini inakata. Mjini hataona tofauti hata mtu mmoja. Huko kituoni kwenu Jambiani mtaiona, kurasa hazitofunguka, mtapiga simu, mtalalamika. Nadra atatafuta na hatopata, kwa sababu halimo katika faili lolote. Basi Junaid atakumbuka kwamba yupo mtu anayeitwa Ummkulthum.

Hilo ni la kumi na moja. Sijamwambia. Nadhani sitomwambia. Mtapata tabu wiki moja, mbili, mnisamehe.

Mdogo wako,
Kulthum


Mpendae
Ijumaa, 14 Februari 2025

Nadra,

Marahaba. Hakuna jingine. Hayo kumi yanatosha. Vituo vya kusini vimezoea tabu ya mtandao, usiwawazie.

Hamisha, Mungu akusaidie.

Ummkulthum


Jambiani
Alhamisi, 20 Februari 2025

Kulthum,

Marahaba. Barua yako nimeisoma hapa kituoni, nimeifungia kabatini pamoja na dawa za sumu, maana ndiyo mahali pake.

Una wazimu? Mimi ni mkunga. Kila asubuhi nafungua kompyuta ile naangalia majibu ya wajawazito wangu. Wewe unazungumza kurasa, mimi nazungumza watu. Najua unavyobanwa huko, na Sheha namjua tangu zamani hana haya. Lakini hasira za mkwe usizimalizie kwa wagonjwa. Mwambie msichana wa watu hilo neno moja. Bado hajahamisha, una nafasi.

Ukikosa pa kukaa, hapa kwangu pana kitanda.

Dada yako,
Wanu


Kiponda
Alhamisi, 27 Februari 2025

Bi Ummkulthum,

Shikamoo. Tumehama! Jana kutwa nzima, na leo asubuhi vituo vyote vya mjini vimefungua majibu bila kelele. Bwana Junaid kanunua halua kwa kila mtu. Kanishika mkono mbele ya madaktari kasema, "Huyu ndiye fundi." Niliona haya, maana fundi ni wewe.

Nilitaka kukuuliza tena habari za kusini, moyo wangu haukutulia kabisa. Lakini mwalimu akishasema hakuna, kumuuliza mara ya pili ni kumfanya muongo. Mama kanilea vyema, alhamdulillahi.

Ramadhani karim. Nakuombea dua kila sala.

Nadra


Jambiani
Jumatano, 19 Machi 2025

Kulthum,

Sikuamkii wala sikujulii hali. Soma.

Kuna mwanamke hapa anaitwa Duni, mke wa Jaku, analima mwani. Mimba ya tano. Mwisho wa Februari nilimtoa damu nikaipeleka kwenu, alikuwa mweupe midomoni na mimi nikaingia wasiwasi. Nikawa nafungua kompyuta kila siku. Naona majibu ya zamani tu, mapya hakuna. Nikadhani maabara mmechelewa kwa sababu ya Ramadhani. Zamani ningekupigia wewe, ungenambia hapohapo. Nimeipiga maabara mara mbili, mara ya kwanza hawakupokea, mara ya pili wakasema majibu yote yameshatumwa, tufungue wenyewe. Nikafungua. Hakuna.

Ile barua yako ilikuwa kabatini hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikuikumbuka, Kulthum. Nilidhani umemwambia msichana. Nilidhani mdogo wangu akiambiwa jambo na mimi, hulifanya.

Jumamosi Duni kajifungua kwangu. Kavuja damu ambayo mwenye afya angeihimili, yeye hakuwa na damu ya kuvuja. Mtoto wa kiume, mzuri, kazaliwa kimya. Nimemfanyia kila nilichofundishwa, hakulia. Mama tumempakia gari tukamkimbiza mjini, kapona kwa kudra ya Mungu, lakini hatozaa tena.

Jibu lake lilikuwa tayari tangu tarehe sita Machi. Damu yake ilikuwa tano, hata nusu ya inayotakiwa haikufika. Siku tisa jibu limekaa ndani ya seva yenu linangoja mtu alifungue. Ningeliona ningempeleka mjini mapema, angeongezwa damu, mtoto angelia.

Bado sijasema kwa mtu.

Wanu


Kiponda
Jumatatu, 24 Machi 2025

Bi Ummkulthum,

Shikamoo. Nimekuangusha, mwalimu wangu.

Sijui kama umesikia habari za Jambiani. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa pale kituoni na mkunga, tukafungua ukurasa huku nahesabu kwa saa ya mkononi. Ukifika sekunde ishirini, kimya, unarudi orodha ileile ya zamani. Nimerudi, nimetafuta siku mbili, nimepata. Ya zamani ilikuwa ikingoja, mpya haingoji. Mstari mmoja tu, Bi Ummkulthum. Nimeuandika kwa dakika moja na Jambiani wakapata majibu yao.

Nikawaza, hata mwalimu hili lilimpita, ndivyo lilivyokuwa gumu. Nikajipa moyo kidogo. Halafu nikajisuta, maana wewe umefiwa, umeandika kutoka kichwani bila kompyuta, na mimi niliyekuwa nayo mbele yangu sikuangalia.

Bwana Junaid kanitoa juzi. Barua ya kunitoa inasema uzembe. Nakala imekwenda kwa vituo vyote na kwa Jaku, mume wa yule mama. Mtaani wanajua. Jana mwanamke mmoja sokoni kamwambia mama, "Mwanao ndiye yule?" Mama karudi bila kununua kitu.

Ningeuliza mara ya pili. Hilo ndilo linaloniua. Ningeuliza mara ya pili tu.

Nisamehe nimeiharibu kazi yako ya miaka tisa.

Nadra


Mpendae
Jumamosi, 29 Machi 2025

Nadra,

Si kosa lako. Usijisute. Mambo mengine mtu hana uwezo nayo.

Nimekufungia vitumbua vya sikukuu, mpe na mama. Siwezi kuandika zaidi, macho yananiuma.

Ummkulthum


Ofisi ya Mkurugenzi, Kiponda
Jumanne, 22 Aprili 2025

Kwa Bi Ummkulthum,

Assalaam alaykum. Tunakukumbusha kwamba nafasi yako ipo na inakungoja. Kwa yaliyotokea, maabara imejifunza thamani ya mtu mwenye uzoefu. Tumeamua kukuteua kuwa Mkuu wa Mifumo, mkataba wa kudumu. Tumepata pia habari kwamba utahitaji makaazi, basi kile chumba cha ghorofa ya juu ya maabara tumekitia rangi, ni chako bila kodi.

Tafadhali uripoti Jumatatu, tarehe 12 Mei, saa mbili asubuhi.

Junaid Ismail
Mkurugenzi


Mpendae
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Bwana Junaid,

Wa alaykumu salaam. Nafasi hiyo ndiyo niliyokuwa nikiiomba kila sala tangu Februari. Siwezi kuipokea kabla hujasoma haya.

Nadra hakuzembea. Aliniuliza kwa maandishi, tarehe kumi na moja Februari, kama kuna tabia ya seva iliyobadilika inayohusu vituo vyenye mtandao mbovu. Nilikuwa naijua. Nilikuwa naijua kwa nambari yake, sekunde ishirini. Nikamjibu hakuna. Nilitaka seva ikwame ili unihitaji mimi. Dada yangu alinionya na siku zilikuwapo, nikanyamaza. Yule mtoto ni wangu mimi kuulizwa, duniani na mbele ya Mungu.

Mrudishe Nadra kazini, uwaandikie wale uliowaandikia. Mimi nifanye utakavyo.

Ummkulthum


Kiponda
Jumanne, 29 Aprili 2025

Bi Ummkulthum,

Barua yako nimeisoma na nimeichana. Hii si barua ya ofisi, ni mkono wangu.

Msiba humfanya mtu ajilaumu hata kwa mvua isiyonyesha. Umekaa ndani miezi minne, unafikiri mengi. Nimeshaviandikia vituo kumi na vinne kwamba kosa lilikuwa la mfanyakazi mchanga na ameondoka. Wamekubali, wanaendelea kutuletea damu. Nikiwaandikia tena kwamba fundi mkuu alijua na akaficha kusudi, nani atatuletea hata tone? Watu ishirini na wawili wanakula kwa maabara hii. Ukilisema jambo hilo nje, nitasema huzuni imekuzidi, na kila mtu ataniamini, kwa sababu hakuna faili lolote linaloonesha ulichokuwa ukikijua.

Chumba kiko tayari. Tarehe 12.

Junaid


Jambiani
Jumamosi, 3 Mei 2025

Kulthum,

Marahaba. Umeniuliza kama ukitoka eda uje moja kwa moja kwangu, nikupeleke kwa Duni ukamwambie kwa mdomo wako.

Usije. Jana nimekwenda kumtazama. Kakaa kizingitini anasuka kamba za mwani, kaanza tena kucheka kidogo. Kanambia, "Bi Wanu, aliandikiwa siku zake, ndizo hizo." Analala kwa neno hilo. Wewe ukija utamwambia kwamba hakuandikiwa, kwamba yuko mtu alikaa Mpendae akalijua na akanyamaza. Wewe utapumua. Yeye je?

Nami nimo, usisahau. Barua ilikuwa kabatini kwangu.

Wa kuambiwa ni yule msichana, na umechelewa sana.

Wanu


Mpendae
Jumanne, 6 Mei 2025

Nadra, mwanangu,

Hukukosea. Nilijua.

Uliponiuliza habari za kusini nilikuwa na jibu, sekunde ishirini, na mstari wa kuandika nilikuwa nao kichwani. Nilikudanganya. Bwana Junaid alisema fundi mmoja anatosha, nami sikuwa na pa kwenda, nikaona afadhali wewe ukwame. Dada yangu Wanu, yule mkunga uliyekaa naye Jambiani, alinionya kabla hujahamisha. Ulipoandika unaniomba msamaha mimi, nikakuletea vitumbua. Sijui nilikuwa mtu gani siku ile.

Nimemwambia Junaid, kaichana barua yangu. Nilitaka kumwambia Duni, dada kanizuia, na kanizuia kwa haki. Kila mlango ninaobisha wananirudisha kwenye kiti kilekile nilichokitaka. Nimepewa cheo, nimepewa chumba cha juu ya seva.

Nimetia ndani karatasi. Nimeandika yote, tarehe, nambari, nilichokijua na nilichokuandikia, nimetia saini na nambari ya kitambulisho. Ukiipeleka kwa vituo, kwa Jaku, kwa wakili, sitokana hata neno moja. Wewe ndiye uliyedhulumiwa, wewe ndiye mwenye haki ya kuamua.

Nakuomba radhi, ingawa najua sina uso wa kuiomba.

Ummkulthum


Bwejuu
Jumamosi, 10 Mei 2025

Bi Ummkulthum,

Leo sikuamkii.

Barua imenifuata huku Bwejuu, kaileta mama. Nimepata kazi katika nyumba ya wageni, naandika majina yao kwenye daftari, wanaingia, wanatoka. Kompyuta hawataki niiguse, wamesikia habari zangu.

Nimekusoma mbele ya mama. Mama kalia. Mimi sikulia, nlilia Machi nikamaliza. Unajua nlikuwa nalilia nini? Nlikuwa nalilia kwamba nimekuangusha. Nlikuwa nasujudu nnakuombea wewe, Mungu akupunguzie tabu ya eda. Hilo ndilo nisiloweza kukusamehe, si kazi.

Unasema mimi ndiye mwenye haki ya kuamua. Ahsante. Umeibeba siri mpaka ukachoka, sasa unanitwika mimi. Nikiipeleka karatasi yako, maabara inafungwa, na wale wajawazito wa shamba watapima damu wapi? Nisipoipeleka, mimi ndiye niliyemuua mtoto wa Duni mpaka siku nitakayoingia kaburini, na mama yangu hatokwenda sokoni. Hiyo ndiyo haki uliyonipa.

Basi nimeamua. Karatasi ninayo. Iko mahali pazuri, haitoloa, haitopotea. Siku nitakayoipeleka sitokwambia. Labda wiki hii, labda ukishazeeka kwenye kiti hicho. Jumatatu nenda kazini. Panda chumbani kwako, shuka, pokea simu za vituo, na kila anayebisha hodi usijue kama ni mgonjwa au ni watu waliokuja na saini yako mkononi.

Siku themanini na moja, tangu uliponijibu hakuna jingine, ulikuwa unajua jambo nisilolijua mimi. Sasa mimi ndiye ninayejua.

Kesho unatoka eda. Usinijibu.

Nadra